Sikio lilivyokuja kuwa hakimu wa nyaya za umeme

Chini ya laini kubwa za umeme, hasa alfajiri yenye umande au manyunyu yanapoanza, husikika sauti mbili zilizochanganyika: mtatariko mkavu, kama wa samaki anapotiwa kwenye mafuta ya moto, na chini yake mvumo mzito usiopanda wala kushuka. Maelezo ya mtaani ni mepesi: huo ni umeme unapita, na ukivuma zaidi ujue unapita mwingi zaidi. Uzuri wa maelezo hayo ni kwamba yanapimika. Saa mbili usiku, kila nyumba inapokuwa imewasha taa, televisheni na pasi, mkondo katika laini kubwa huwa karibu na kilele chake. Saa kumi alfajiri huwa umeshuka sana. Kama sauti ingefuata wingi wa umeme unaopita, saa mbili ingekuwa saa ya kelele na alfajiri saa ya ukimya. Mambo huenda kinyume. Waya yenye mzigo mkubwa hupata joto, umande ukashindwa kukaa juu yake, na sauti ikapungua. Waya yenye mzigo mdogo hupoa, matone yakatanda chini yake, ikaanza kulalama. Kiasi cha umeme kilichopita ndani yake hakikuwa chanzo cha sauti; kiliamua tu kama umande utakaa.

Sauti haitoki ndani ya waya. Inatoka katika hewa iliyoizunguka, sentimeta chache tu kutoka kwenye chuma, na kinachoiamsha ni msongo, yaani zile kilovoti zinazotajwa laini inapozinduliwa, si mkondo unaokwenda kuendesha viwanda. Hilo ni la fizikia na halina ubishi mkubwa. Lenye ubishi, na ndilo linaloifanya historia ya sauti hii istahili kusimuliwa, ni swali la kwa nini tunaisikia kwa kiasi hiki na si zaidi au pungufu. Wahandisi wamejua tangu miaka ya 1890 kwamba nyaya za msongo mkubwa hulia, na kwa muda mrefu walijua pia namna ya kuzinyamazisha. Kila kizazi kilizinyamazisha kwa kadiri kilivyobanwa: kwanza na vifaa vyake, kisha na hesabu ya fedha, kisha na redio, na mwisho na watu wanaolala karibu na laini. Kwa hiyo mvumo tunaousikia leo si tabia ya umeme iliyokosa dawa. Ni kiwango kilichochaguliwa, na aliyelazimisha kichaguliwe hivyo alikuwa jirani mwenye masikio.

Kabla ya kufika huko inabidi kuondoa dhana mbili ambazo zimeishi muda mrefu, moja ya kishairi na nyingine ya kihandisi. Ya kwanza ni upepo. Nyaya zilianza kuimba kabla ya umeme wa majumbani kuwapo. Mwaka 1851 mwandishi Mmarekani Henry David Thoreau aliandika katika shajara yake kuhusu waya wa telegrafu uliopita karibu na kwao Concord, akiusikiliza kana kwamba ni kinubi. Mwaka 1878 mwanafizikia Mcheki Vincenc Strouhal aliipa sauti hiyo hesabu: upepo unapopita kwenye waya huacha vizingia nyuma yake upande huu na upande ule kwa zamu, na idadi ya zamu hizo kwa sekunde ni karibu moja ya tano ya kasi ya upepo ikigawanywa kwa unene wa waya. Chukua waya wa telegrafu wenye unene wa milimita 4 na upepo wa mita 5 kwa sekunde: unapata mitikisiko 250 kwa sekunde, sauti inayosikika vizuri kabisa. Sasa chukua waya wa laini kubwa ya umeme wenye unene wa sentimeta 3 katika upepo uleule. Unapata mitikisiko 33, sauti nzito ambayo sikio huipata kwa shida. Upepo unaitikisa kweli laini kubwa, na mtikisiko huo unaweza kukata nyuzi za waya kwa uchovu. Ndiyo maana miaka ya 1920 George Stockbridge, mhandisi wa kampuni ya umeme ya kusini mwa California, alibuni vile vyuma viwili vidogo vinavyoning'inia karibu na kila mnara, kazi yake ikiwa kumeza mtikisiko. Lakini mvumo tunaouzungumzia husikika hewa ikiwa imetulia tuli, na umeme ukizimwa nao unazimika. Upepo hauna tabia hiyo.

Dhana ya pili hupendwa na watu waliosoma sumaku shuleni. Nyaya mbili zenye mkondo huvutana au kusukumana. Mkondo geu wa kwetu hubadilika mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo, wanasema, nyaya zinatikiswa na nguvu ya sumaku na ndizo zinazovuma. Hoja ni safi, ila tarakimu zinaikataa. Nyaya mbili zilizoachana mita 7, kila moja ikibeba ampea 500, husukumana kwa nguvu isiyofikia uzito wa gramu moja kwa kila mita ya waya. Mita hiyo moja ya waya yenyewe ina zaidi ya kilo moja. Nguvu hiyo ipo, inapimika, na haiwezi kuutikisa mzigo wa namna hiyo hata ukasikika barabarani. Kisha kuna ule ushahidi wa alfajiri: nguvu ya sumaku hufuata mkondo, na sauti haifuati mkondo.

Kwa nini basi msongo ukapandishwa hadi hewa ikalia? Kwa sababu ya umbali. Joto linalopotea ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo, na kazi ileile inaweza kufanywa na mkondo mdogo ikiwa msongo ni mkubwa. Mwaka 1891 mambo mawili yalitokea yaliyoithibitisha hesabu hiyo. Huko Ames, karibu na mji wa Telluride katika milima ya Colorado, L. L. Nunn akitumia mitambo ya Westinghouse alipeleka umeme wa mkondo geu kwa volti 3,000 hadi kwenye mgodi wa dhahabu wa Gold King, umbali wa kilomita zipatazo nne. Mwaka huohuo, kwa ajili ya maonyesho ya Frankfurt, umeme ulisafirishwa kilomita 175 kutoka maporomoko ya Lauffen kwa volti 15,000, na baadaye katika majaribio volti 25,000. Kuanzia hapo hakuna mhandisi aliyeuliza kama msongo upandishwe. Waliuliza upandishwe hadi wapi, na jibu la kwanza lilitolewa na vikombe, yale matumba ya kauri yanayoushikilia waya juu ya nguzo. Kikombe cha msumari kilichotumika wakati huo kikipita kilovoti 60 hivi kinakuwa kikubwa mno, kizito na chepesi kupasuka. Alimradi vikombe ndivyo vilivyokuwa ukuta, hewa haikupewa nafasi ya kusema lolote.

Isipokuwa Telluride. Katika miaka ya 1890 Charles Scott na Ralph Mershon wa Westinghouse waliitumia laini ya milimani kufanya majaribio ya msongo ambao hakuna aliyekuwa akiuza, na Scott akayatolea taarifa mbele ya wahandisi wenzake mwaka 1898. Walipopandisha msongo, nyaya zilianza kufoka, na gizani zikaonekana ziking'aa. Jambo lililowashughulisha zaidi lilikuwa jingine: upotevu wa umeme, ambao hadi karibu na kilovoti 50 ulikuwa mdogo, ghafla ulianza kupanda kwa kasi. Ni bahati ya historia kwamba majaribio yalifanyika pale. Telluride iko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na hewa nyepesi huvunjika mapema. Majaribio yaleyale yangefanyika Boston ufukweni, msongo ambao sauti huanzia ungekuwa juu zaidi, na huenda wangefunga vitabu vyao bila kuisikia. Watu wa Iringa, Singida, Nairobi na Eldoret wana sababu ya kukumbuka jambo hili, na tutalirudia.

Harris Ryan wa Chuo Kikuu cha Cornell alilichukua swali hilo na kuchapisha mwaka 1904 utafiti wake kuhusu hewa inavyogeuka kupitisha umeme, akionyesha kwamba joto na mgandamizo wa hewa ndivyo vinavyoamua. Aliyeliweka katika kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo ni F. W. Peek wa General Electric, mwaka 1911. Kanuni yake inasema, kwa kifupi, kwamba hewa kavu ya usawa wa bahari huvunjika pale uga wa umeme kwenye ngozi ya waya unapofika takriban kilovoti 30 kwa kila sentimeta, na kwamba kiwango hicho hushuka kadiri hewa inavyokuwa nyepesi na waya unavyokuwa na makwaruzo. Kuvunjika maana yake ni hii: elektroni chache zilizo huru hewani hunaswa na uga huo, hukimbizwa, hugonga molekuli na kuzibandua elektroni nyingine, nazo zikagonga nyingine. Hewa iliyokuwa kizuizi inakuwa, kwa muda mfupi mno na katika eneo dogo, njia. Hutoa mwanga wa zambarau, harufu ya ozoni, na mshindo mdogo kwa sababu hewa imepashwa joto na kutanuka ghafla. Wataalamu waliuita mng'ao huo korona, zaidi ya miaka mia moja kabla ya jina hilo kuletewa sifa mbaya na virusi. Mabaharia waliuona karne nyingi kabla yao, kwenye ncha za milingoti usiku wa tufani.

Ukuta wa vikombe ulibomolewa mwaka 1907, Edward Hewlett na Harold Buck walipobuni vikombe vya kuning'iniza, sahani baada ya sahani, hivi kwamba ukitaka msongo mkubwa zaidi unaongeza sahani. Ndani ya miaka michache kilovoti 100 zilipitwa. Mwaka 1913 laini ya Big Creek ilipeleka umeme Los Angeles kwa kilovoti 150 kutoka milimani, umbali wa karibu kilomita 390, na miaka kumi baadaye ikapandishwa hadi 220. Sasa hewa ndiyo iliyokuwa ukuta. Na hapa ndipo inapoonekana kwamba wahandisi hawakukosa dawa, maana dawa iko ndani ya kanuni ya Peek yenyewe: uga kwenye ngozi ya waya hupungua waya unapokuwa mnene. Laini iliyotoka bwawa la Hoover kwenda Los Angeles mwaka 1936, kwa kilovoti 287, ilitumia waya wa shaba ulio wazi katikati, wenye kipenyo cha milimita 36. Uwazi ule haukuwekwa kwa sababu ya mkondo. Shaba iliyotakiwa kuubeba ingetosha katika waya mwembamba. Uliwekwa ili kuupa waya ngozi pana. Walinunua unene bila kununua shaba.

Dawa iliyoshinda ilikuwa nyingine, na ilikuwa imekaa kabatini tangu 1909, Percy Thomas alipopendekeza kugawanya kila waya kuwa kadhaa zinazokwenda sambamba zikiachana kidogo. Nyaya mbili au nne zilizoachana sentimeta 40 hivi hufanya, mbele ya hewa, kazi ya waya mmoja mnene kupita kiasi ambacho kiwanda kingeweza kusuka. Mtu anayetaka kujua ulazima wake na afanye hesabu. Waya mmoja wa milimita 27 kwenye laini ya kilovoti 220 hupata uga wa takriban kilovoti 21 kwa sentimeta wimbi linapofika kileleni; uko chini ya 30, ingawa si mbali. Uweke waya huohuo peke yake kwenye laini ya kilovoti 400, na uga unapita 35. Utawaka usiku kucha, mvua iwepo isiwepo. Kwa hiyo Uswidi ilipojenga laini ya kwanza duniani ya kilovoti 380, kutoka Harsprånget kaskazini mwa nchi hadi Hallsberg kusini, iliyoanza kazi mwaka 1952, kila njia ilikuwa na nyaya mbili. Leo anayeinua macho kwenye minara mikubwa ya Afrika Mashariki na kuona nyaya zimeandamana mbilimbili, tatutatu au nnenne, zikishikwa na vibano ili zisigusane, asidhani ni akiba ya kubeba umeme zaidi. Kubeba umeme ni faida ya ziada. Kazi yao kubwa ni kuizuia hewa isivunjike.

Ikiwa uga umewekwa chini ya kiwango cha kuvunja hewa, kwa nini basi laini zinavuma hata hivyo? Kwa sababu kanuni inahusu waya safi na mkavu. Tone la maji linaloning'inia chini ya waya huvutwa na uga hadi linachongoka, na kwenye ncha hiyo uga huzidi mara kadhaa. Kila tone linakuwa chanzo chake cha mshindo. Kilomita moja ya waya ikiwa na maelfu ya matone, mishindo inaungana na kuwa mtatariko. Vumbi, mdudu aliyeganda, kwaruzo la siku ya kuvuta waya, vyote hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo. Ule mvumo mzito wa chini unatoka mahali pengine kidogo: ioni zilizozaliwa hapo husukumwa mbali na waya na kuvutwa tena kadiri msongo unavyobadilika, na kwa kuwa msongo hufika kileleni mara mbili katika kila mzunguko, hewa husukumwa mara 100 kwa sekunde. Jambo ambalo wengi hulipokea kwa mashaka ni kwamba waya mpya hulia mvuani kuliko waya wa zamani. Waya uliotoka kiwandani una mabaki ya grisi, na maji juu yake hujikusanya kuwa matone. Ukikaa juani na mvuani kwa mwaka au zaidi, ngozi yake hubadilika, maji yakatambaa badala ya kujitenga, na sauti ikapungua. Wanaokaa karibu na laini iliyozinduliwa juzi huisikia ikiwa katika umri wake mbaya kuliko wote.

Kipimo cha wahandisi hadi kufikia katikati ya karne iliyopita kilikuwa hasara. Korona hula umeme, umeme ni fedha. Ongeza unene wa waya hadi pale ambapo senti ya mwisho ya aluminiamu inaokoa senti ya mwisho ya umeme, kisha simama. Hesabu hiyo haikuwa na mstari wa sauti. Sauti ilikuwapo, ila hakuna aliyeilipia. Aliyekuja kuvuruga hesabu alikuwa redio. Mshindo uleule mdogo wa korona ni pia cheche ya mawimbi ya redio, na wasikilizaji wa masafa ya kati waliokuwa karibu na laini walipokea mkoromo badala ya taarifa ya habari. Ikagundulika kwamba laini inayopoteza umeme kidogo kabisa, kiasi ambacho mhasibu asingejali, inaweza kuharibu matangazo ya kijiji kizima. Kwa laini za hadi kilovoti 500 hivi, redio ndiyo iliyokuwa ikiamua nyaya ziwe na unene gani, na kwa kuitii redio wahandisi waliliridhisha sikio pasipo kulikusudia. Wale wanaodai kwamba kelele za laini ni jambo lisiloepukika wanasahau kipindi hiki chote, ambapo ukimya ulipatikana kama makombo ya karamu ya mwingine.

Makombo yaliisha msongo ulipopanda tena. Hydro-Québec ya Kanada ilianza kutumia kilovoti 735 mwaka 1965, na American Electric Power ikafuata kwa kilovoti 765 mwaka 1969. Nyaya zilikuwa nne kwa kila njia, hasara ilikuwa ndogo, redio zilisalimika kwa kiasi cha kuridhisha, na bado mvua iliponyesha malalamiko yalianza kufika. Uchunguzi uliofanywa kwa mamlaka ya umeme ya Bonneville, kaskazini-magharibi mwa Marekani, na kuchapishwa mwaka 1972, ulilinganisha vipimo vya sauti na malalamiko ya majirani: chini ya desibeli 52 hivi malalamiko yalikuwa machache, na juu ya 59 yakawa mengi. Desibeli 59 si kelele ya kuumiza masikio. Mazungumzo ya kawaida mezani yanafika hapo. Lakini mazungumzo hukoma watu wanapokwenda kulala. Na laini ina ubaya mmoja ambao kinu au jenereta havina: ni ndefu. Sauti ya jenereta hushuka kwa desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu. Sauti ya laini, kwa kuwa inakuja kutoka kila kipande cha kilomita nzima, hushuka kwa tatu tu au zaidi kidogo. Kumhamisha jirani mita chache hakusaidii sana. Ilibidi kurudi kwenye waya wenyewe, na tangu hapo, kwa misongo ya juu kabisa, sikio la binadamu ndilo linaloamua idadi na unene wa nyaya. China ilipofungua laini yake ya kilovoti 1,000 mwaka 2009, kila njia ilibeba nyaya nane.

Msomaji aliye mjini ana haki ya kupinga hapa. Laini nyingi anazozijua ni za kilovoti 11 au 33, juu ya nguzo za miti, na nazo pia huvuma. Ni kweli, na pingamizi hili ni la maana kwa sababu linaonyesha mpaka wa hoja. Kwenye laini ya kilovoti 11 uga kwenye ngozi ya waya haufiki hata 4 kati ya zile 30 zinazohitajika. Korona haiwezi kutokea pale kwenye waya mzima. Kinachosikika mara nyingi ni transfoma, na sauti yake ina historia yake. Mwaka 1837 Mmarekani Charles Page aliripoti kwamba sumaku hutoa mlio mkondo unapokatwa. Mwaka 1842 Mwingereza James Joule alionyesha kwamba chuma hubadilika urefu kinapotiwa sumaku, kwa sehemu chache tu katika kila milioni. Ndani ya transfoma chuma hutiwa sumaku mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, kikitanuka na kusinyaa mara 100 kwa sekunde, na tanki lake la mafuta likifanya kazi ya ngoma. Ndiyo sababu sauti ya transfoma ya Unguja na ya Maskati ni ileile, maana Oman nayo hutumia mizunguko 50, ilhali ya Riyadh, ambako mizunguko ni 60, ni ya juu zaidi kwa kiasi ambacho mpiga kinanda angekitambua papo hapo. Na hapa vilevile ukimya umenunuliwa kidogo kidogo: bati za chuma chenye silikoni, ambazo Norman Goss alizipatia hataza mwaka 1934 baada ya kuzipanga punje zake upande mmoja, zilikusudiwa kupunguza hasara, na zikapunguza mvumo pia.

Kama si transfoma, basi laini ndogo inayotatarika ina kasoro. Kikombe kina ufa, kifungo kimelegea, au kauri imetanda uchafu. Pwani yetu inalijua hili kuliko bara: upepo wa bahari huacha chumvi juu ya vikombe, umande wa usiku huiyeyusha, na mkondo mdogo hutambaa juu ya kauri ukikausha sehemu na kuruka sehemu, kwa sauti na wakati mwingine kwa mwanga. Laini kubwa inayovuma mvuani inafanya kilichotarajiwa na walioichora. Nguzo ya mtaani inayotatarika inastahili kupigiwa simu.

Kuna pingamizi jingine, zito zaidi. Ikiwa ukimya hununuliwa, si ni anasa ya nchi zilizokwisha kumaliza kuunganisha watu wao? Afrika Mashariki ilianza na kilovoti 132 kutoka Owen Falls, bwawa lililofunguliwa mwaka 1954. Kidatu ikaleta kilovoti 220 hadi Dar es Salaam mwaka 1975. Kwenye misongo hiyo sauti ilikuwa ndogo, na hapakuwa na haja ya mjadala. Kwa kilovoti 400 haja ipo, na kwetu inakuja na nyongeza ya Telluride: hewa ya nyanda za juu kwenye mita 1,700 ni nyepesi kwa asilimia 15 hadi 20 kuliko ya Mombasa, na makadirio ya kawaida ya wahandisi huongeza desibeli moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Laini iliyochorwa kwa vipimo vya tambarare za Ulaya ikijengwa Singida italia kuliko kwao. Lakini tofauti ya gharama kati ya nyaya tatu na nne huamuliwa mara moja, siku ya kuchora. Baada ya hapo haiwezi kurekebishwa bila kuvunja minara, na watakaoisikia kwa miaka hamsini hawakuwa mezani. Laini ya Iringa hadi Shinyanga kupitia Dodoma na Singida ilijengwa kwa kilovoti 400 na kuanza kazi kwa 220. Kwa muda huo uga kwenye nyaya zake ulikuwa karibu nusu ya uliokusudiwa. Jirani aliyezoea ukimya wa kilovoti 220 asije akaambiwa, msongo ukipandishwa, kwamba anachokisikia ni mawazo yake.

Jaribio kali zaidi la hoja hii yote linatolewa na umeme wa mkondo mnyoofu, ambao haubadiliki mara 50 wala 60. Katanga wanaufahamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, laini ya Inga hadi Kolwezi, ndefu ya kilomita 1,700 hivi, ilipoanza kuleta umeme migodini kwa kilovoti 500. Kenya iliupata mwaka 2022 kupitia laini ya kutoka Ethiopia hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000, kwa msongo uleule. Ikiwa mvumo mzito ni ioni zinazosukumwa na kuvutwa, laini ya mkondo mnyoofu isiwe nao. Na kweli haina, ina mtatariko peke yake. La ajabu zaidi ni mvua. Kwenye laini hizi mvua hupunguza sauti badala ya kuiongeza: ioni za aina moja, zisizorudishwa nyuma na mkondo geu, hujaza hewa iliyouzunguka waya, na matone yanapoongeza vyanzo, wingu hilo la chaji huwa zito kiasi cha kuukinga waya dhidi ya uga wake mwenyewe. Suswa, ambako laini hiyo inakutana na laini za mkondo geu za msongo mkubwa, mvua ileile inaweza kupandisha sauti ya moja na kushusha ya nyingine, ingawa zote zimetundikwa kwenye minara, zote zimebeba umeme, na upepo wa Bonde la Ufa unazipiga sawasawa.